Wiki ya Kumi na Tisa

Kiamshakinywa kilikuwa cha bure, Glenys,
ila mlango ulifungwa nyuma yetu.
Saa tatu nzima za maneno matamu, kijana wa tai nyekundu
akiandika bei, akiikata, akiandika nyingine,
kama muuza samaki aliyeona barafu inayeyuka.

Bure ghali.
Nikatoa penseli yangu ya dukani, ya Llanelli:
pauni elfu tisa, juu yake ada ya kila mwaka,
nayo ada hupanda, kushuka haijui.
Wiki moja Tenerife, ya kumi na tisa, milele.
Nina miaka sitini na minane. Milele ya nani?
Watoto watarithi bili.

Lakini wewe ulikuwa roshanini,
viatu mkononi, ukiihesabia bahari mawimbi yake,
na tangu tulipomzika Rhodri
ndiyo mara ya kwanza kukuona umesahau kuvaa saa.

Penseli ikasita.
Hilo nalo linaandikwa safu gani?

Nimekataa. Kijana akanuna, kahawa ikaondolewa.
Mwakani tutakodi chumba kwa bei ya siku hiyo,
dirisha litazame maegesho ya magari, potelea mbali.
Bahari iko ng'ambo ya barabara.
Hiyo hawajaikata wiki wiki.