Mota ya Kisima cha Harubu

Imeletwa gunia kichwani, nyuma ya pikapu,
saa nne asubuhi, Ibra, joto digrii arubaini na tano,
na kabla sijafungua kifuniko nimeshaijua kwa pua:
vanishi ikiungua hunuka kama sukari iliyosahauliwa motoni.
"Imekufa?" anauliza Harubu.
Mitende mia mbili ya khalasi, siku ya sita bila maji.
"Haijafa. Imeungua utumbo."

Nachukua tindo, nakata vichwa vya koili,
navuta shaba nyeusi iliyogandamana,
nikihesabu, maana hesabu ndiyo ramani:
matundu thelathini na sita,
kila koili raundi arubaini na mbili.
Na chuma chenyewe si pande moja. Tazama ubavuni:
mabamba membamba, yamebanwa kama kurasa za daftari la madeni,
kila moja na utando wake, lisigusane na jirani,
ama umeme utazurura mle ndani ukipika chuma bure.

Niulize bei kwa Kiarabu, nitakujibu kwa Kiarabu.
Na Unni tunaelewana kwa Kihindi cha kuokoteza.
Lakini waya mpya ukishapita kidoleni
nahesabu kwa Kiswahili,
kama alivyohesabu baba kwenye meza hii hii:
thelathini na nane, thelathini na tisa —
simu. Harubu. "Bado?"
Nafumua koili nzima. Moja. Mbili.

Makundi matatu ya koili, na zamu yao:
la kwanza likijaa sumaku, la pili linafuata, kisha la tatu,
hata sumaku inazunguka duara zima
na hakuna kitu kilichosogea.
Harubu, aliyechoka kupiga simu akaja mwenyewe,
ananitolea macho. "Inazungukaje, basi?"
Kama uvumi sokoni, namwambia.
Watu wamekaa pale pale vibandani;
habari imeshafika mlango wa pili.

Na rota, hii ya katikati, yenye fito za alumini,
haina waya unaoingia wala unaotoka.
Sumaku ikipita, umeme unazaliwa ndani ya fito,
nao unazaa sumaku nyingine, ikaifukuzia ile ya kwanza.
Inaifukuzia tu. Haiifikii.
Ile elfu moja na mia tano kwa dakika,
hii elfu moja mia nne na arubaini.
"Na ikiifikia?"
Siku watakayokwenda sawa, fito hazitaona kinachopita,
umeme hautazaliwa, maji yako yatalala chini.
Hizo sitini za kuchelewa, Harubu, ndizo zinazoinua maji.

(Darasa la kwanza, Kiarabu kikinipita juu ya kichwa,
nilikuwa nacheka wenzangu wakishanyamaza.)

Usiku kucha ndani ya oveni, vanishi ikikauka.
Alfajiri, shambani, Unni akabonyeza swichi:
ikanguruma, ikazunguka, bomba kimya.
Inakwenda kinyume!
Akazima, akabadilishana waya mbili kati ya tatu,
akabonyeza tena.
Bomba likakohoa mchanga, likakohoa matope,
halafu mfereji ukashika njia ya mitende.

Harubu hakuyatazama maji.
Alikuwa amechutama, kiganja juu ya mota.
"Inachelewa?"
"Inachelewa."
"Alhamdulillahi," akasema, akaacha mkono pale pale.