Jumapili Haina Mfadhili

Fomu inauliza: Nani atagharamia masomo yako?
Kisanduku ni kimoja, kinameza herufi thelathini.
Nikaanza: Mama Katungu wa sambaza, soko la Kituku,
na dada Masika aliyeniachia zamu yake ya likirimba,
na mjomba Paluku, chukudu yake na magoti yake mawili.
Fomu ikakata pale pale kwenye "soko".
Dada na mjomba wakabaki nje ya mlango.

Barua ya kukubaliwa ilifika usiku, umeme umekatika,
nikaisoma kwa asilimia nne za betri.
"Tunafurahi," imeandikwa. Mara tatu.
Shahada ya uzamili, afya ya jamii.
Ada dola elfu kumi na tisa na mia sita kwa mwaka,
chumba na chakula kando.
Huku Birere dola ikichanika kiasi cha ukucha wa mtoto mchanga
hakuna anayeipokea.
Nikawaza hizo elfu kumi na tisa, zote nzima, zote bila doa:
hulala wapi usiku?

Buruse ya kwanza yataka walio chini ya miaka thelathini.
Nina thelathini na miezi miwili;
ile miaka chuo kilipofungwa kwa vita haina pa kuiandika.
Ya pili hugharamia yote isipokuwa ndege, viza,
na mtihani wa Kiingereza, unaofanyiwa ng'ambo ya mpaka.
Ya tatu ilitaka barua ya mwajiri.
Mwajiri wangu alisema rudi kesho, hadi tarehe ikapita.
Ya nne ilinipigia simu ya video.

Una uzoefu gani wa utafiti? akauliza bwana mmoja, nyuma yake rafu za vitabu.
Nikainua daftari langu la miraba mbele ya kamera.
Miaka sita katika zahanati ya Majengo naandika wanaoletwa na kipindupindu:
jina, avenyu, siku.
Mwaka wa pili nikaona Jumanne inajaa.
Jumanne vile vitanda vyenye tundu havitoshi,
tunalaza wawili wawili, kichwa kwa miguu.
Nikayafuata maji kinyumenyume, avenyu kwa avenyu,
juu ya mawe meusi yanayokula ndala,
hadi ziwani, kwa vijana wa klorini
wanaotia kipimo katika kila bidoni ya lita ishirini.
Jumatatu wapo.
Jumamosi wapo.
Jumapili mradi haulipi.

Na Goma, bwana, hunywa maji Jumapili pia.

"Inapendeza sana," akasema,
mtandao ukaganda, mdomo wake wazi kwenye "sana".
Baada ya majuma mawili: ushindani mwaka huu ulikuwa mkubwa.

Sikulia.
Basi, nililia kidogo, nikisugua ndoo, ambapo haionekani.

Mama, akipanga sambaza juu ya sinia, aliniuliza:
Elfu arobaini, miaka miwili, kusomea kuhara?
Ukirudi, maji yatakuwa yamefika kwenye bomba?
Nilitaka kumwambia kwamba daftari langu nalijua mimi,
kwamba kuna hesabu, nimeiona kwa mbali tu,
ambayo mkubwa hawezi kuikunja akaikalia.
Nikamsaidia kufukuza nzi.

Fomu ya tano inafungwa Jumapili hii, usiku wa manane,
saa za nchi nyingine.
Kile kisanduku bado ni kitupu.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, nimesimama Kituku
na bomba la sindano lisilo na sindano,
na klorini niliyoiomba zahanati, chupa mbili.
Wanawake wamepanga foleni, wengine tayari wamevaa vitenge vya misa.
Wa kwanza ananitazama, anatazama nguo zangu, hazina nembo ya yeyote.
Dada, anasema, wewe nani anakulipa?

Lete bidoni, nikamwambia.
Ngojea nusu saa ndipo unywe.