Leteni Mawe

Kabati la Jiografia lina ramani moja.
Mende wamekula bahari yote na kipande cha Mtwara.
Sanduku la sampuli lilipotea kabla sijahamia hapa,
basi Ijumaa nikawaambia darasa la sita:
Jumatatu kila mtu aje na jiwe.
Na msiniletee la kumpiga mtu.

Jumatatu meza yangu ikaota kilima.

Sikudhani alileta kokoto, nyeupe, ina ncha,
ya mama yake anayegonga mawe Mtongani
toka alfajiri, mguu mmoja kaukunja,
kidole gumba kakifunga mpira wa baiskeli,
ndoo kwa ndoo.
Nikaigeuza. Ndani mna vinyota vya matumbawe,
vijumba vya wadudu wa baharini
waliokufa kabla mji huu haujapata jina.
"Hiki kilikuwa hai," nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyechelewa kufika msibani.
"Mama anajua, Mwalimu.
Anasema ukiwapiga wanalia."

Lusajo alileta jiwe la bibi yake la kusugulia visigino,
jepesi kama andazi la jana.
Tukalitupia kwenye ndoo ya maji.
Likaelea!
Darasa zima juu ya madawati,
hata wale wanaolala kipindi cha pili.
Mwamba moto, nikaandika:
uji wa chini ya ardhi uliochemka, ukafura,
ukapoa na pumzi yake ndani.

Pazi, pembe ya marumaru,
mabaki ya ngazi za benki ambayo baba yake ni fundi.
Hili nalo lilikuwa chokaa, nikawaambia,
likazikwa, likabanwa, likaokwa bila kuyeyuka
hadi likasahau makombe yake. Mwamba geu.
Ni ndugu wa ile kokoto.
Sikudhani akaja mbele, hakuomba ruhusa,
akayaweka mawili bega kwa bega,
akarudi kukaa.

Nikachora mzunguko: jua, mvua, mto,
mchanga ukishuka, tope likigandana tabaka kwa tabaka,
mishale mpaka chaki ikavunjika.
"Mama yuko wapi hapo?"
Nikatazama kitabu. Kitabu hakina.
Kati ya mvua na mto nikachora nyundo.

Upepo ulikuwa unatoka Wazo,
vumbi la kiwandani likatua kwenye madaftari.
Wekeni viganja ukutani, nikasema.
Tisini na watatu, wengine wakapokezana nafasi.
Huu ni mlima ule. Ulisagwa, ukachomwa,
ukakorogwa na maji, ukawa jiwe tena,
na hesabu za mwaka juzi zimeandikwa juu yake kwa mkaa.

Chausiku peke yake alikuwa mikono mitupu.
"Jiwe lako?"
"Letu liko Muhimbili, Mwalimu.
Liko ndani ya baba."

Walicheka. Kisha mmoja mmoja wakaacha.
Miaka kumi na tisa ninafundisha miamba;
ningeweza kumwambia kaa chini.
Nikamwambia linavyoota: chumvi juu ya chumvi,
kidogo kidogo, gizani, mahali penye maji,
na mwenyewe hana habari mpaka siku linapomkata.
"Kwa hiyo ni mwamba tabaka?"
Kalamu yake ilikuwa tayari.
Sikujua.
Nikasema, hapo tuandike kwa penseli.

Wiki tatu kiti chake kikakaliwa na begi la jirani.

Akarudi na kichupa cha dawa ya macho,
pamba ndani, na juu ya pamba
kitu kidogo kuliko punje ya mtama, cha kahawia, kina miba.
Hakuna aliyecheka. Walipanga foleni kukiona.
Sasa kipo dirishani,
kati ya kokoto ya Mtongani na jiwe la visigino,
na karatasi yenye mwandiko wake:

Jiwe la Baba.
Limetoka Alhamisi.
Aina: bado.