Maji na Tone la Sabuni

Chuo kiko Al Khuwair, ghorofa ya pili,
juu ya duka la mapazia.
Siku tano, riali mia na ishirini,
cheti chenye muhuri, jina lako limeandikwa mara mbili,
kutoka kulia na kutoka kushoto.
Nilipiga simu. Dada wa mapokezi akauliza, aproni unayo?
Nikasema ninayo.
Ilikuwa ya kuoshea vyoo.

Mshahara wangu riali tisini.
Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea
angefunga daftari akaenda kucheza.

Njia ya pili imo ndani ya simu:
kijana wa Seoul, hasemi neno, mikono tu,
anamimina maziwa, jani linafunguka.
Nilimtazama chini ya shuka,
wenzangu watano wanakoroma,
mpaka bando likaisha, jani likabaki nusu.

Njia ya tatu ni Bishnu, Mnepali wa zamu ya usiku.
"Baki tukishafunga," alisema,
kwa Kiarabu chetu cha kuokota, "na Haitham asijue."

Maziwa ya kuchezea hatukuwa nayo.
Lita moja ikipungua, inatoka mfukoni mwake.
Basi alinifunza kwa maji ya bomba
na tone la sabuni ya vyombo.
Yanavimba vilevile, alisema, macho funga, sikiliza.
Likichana kama karatasi, sawa, lakini mwanzo tu.
Likikoroma, umezamisha.
Likipiga yowe, toa, umeshaua.
Na kipimajoto ni kiganja:
chombo kikikwambia ondoa mkono, zima.
Mimi sikuondoa upesi.

Gramu kumi na nane, sekunde ishirini na nane.
Nilizisema nikipiga deki,
nilizisema kwenye foleni ya kutuma pesa Mwatate,
ambako kahawa niliijua kwa harufu tu,
gunia la jirani, limeegemea ukuta wetu, si letu.

Wiki ya kumi na moja Bishnu akapata likizo yake,
miaka mitatu imelimbikizwa.
Haitham akasimama mbele ya mashine
kama mtu aliyeachiwa ng'ombe wa watu.
"Nani anaijua hii?"
Mimi.
"Cheti?"
Nikakunja mkono wa shati, nikamwonyesha kovu.
Akafikiri nashtaki.
Akaenda kuleta dawa ya kuungua.

Hivyo ndivyo nilivyopewa mashine,
na dawa nikapaka, kwa heshima.

Jioni ile Mabela nzima ilikuja na magari.
Honi moja. Nikatoka mbio.
"Karak mbili, sukari kidogo."
Honi. "Karak."
Honi. "Karak nne, na chipsi za watoto."
Saa nne usiku mashine ilikuwa imewaka, inang'aa,
haijaguswa,
na mimi nina chai mpaka kwenye viatu.

Ndipo akaingia mama mmoja, kwa miguu, abaya imeshika vumbi.
Kapuchino.
Mikono ikasahau Kiarabu. Nikayaambia maziwa,
taratibu, taratibu jamani, msiniaibishe.
Akainua uso.
"Kumbe wasema! Kwenu wapi?"
Kiswahili chake cha Unguja, laini,
ingawa Unguja, alisema, ameiona mara moja tu, kwa harusi.
Nikamsukumia kikombe.
Akakizungusha kushoto. Akakizungusha kulia.
"Hiki nini?"
Moyo, nikasema.
"Kitunguu," akasema, akanywa chote,
akalipa, akaagiza kitunguu kingine cha kwenda nacho.

Cheti bado sina.
Al Khuwair wamepandisha bei, sasa wanafunza na maua ya swani.
Bishnu amerudi, na zamu tumegawana.
Tukishafunga, Nakimuli wa Masaka,
aliyerithi deki yangu, husogea karibu mno,
anakodolea povu jeupe linavyopanda.
Jana akauliza kama linanyweka.
Nikamwambia hapana,
hili ni la masikio tu.