Mshazari

Miaka ishirini na sita napogoa mizabibu hapa Hombolo,
shamba la Mama Chidawali, kuanzia safu ya bwawani
hadi ua wa minyaa, na sijaharibu jicho hata moja.
Tawi hulikata mshazari, nusu kidole juu ya jicho,
ili maji yateleze yaende zake,
yasituame juu ya kidonda yakakiozesha.
Uliza yeyote. Wananiita Mkasi.

Sasa nani angenifundisha kukata kucha?

Jumamosi jioni, miguu ingali na vumbi,
nilichukua wembe uliokwisha kunyoa kidevu
nikakishughulikia kidole gumba cha kushoto kama tawi:
mshazari huku, mshazari kule,
nikachimba kona hadi chini, hadi kwenye wekundu,
ukucha ukawa mviringo, mzuri kama shilingi.
Jumatatu nikavaa mabuti ya mpira ya marehemu shemeji,
yeye namba nane, mimi namba tisa,
nikaingia shambani.

Wiki ya kwanza kidole kilinong'ona.
Ya pili kikasema.
Ya tatu shuka likikigusa tu, naruka,
na mke wangu Mbeho anauliza gizani
kama ni nge au ni deni.
Nikapaka majivu. Nikapaka oili chafu.
Nikakata tena, ndani zaidi,
nikidhani namfukuza mwizi,
kumbe namfungulia mlango.

Mzabibu ukipogolewa hulia.
Asubuhi utayaona matone yananing'inia, meupe, safi,
ujue uhai unapanda.
Kidole changu nacho kililia,
ila machozi yake yalinuka.

Zahanati. Benchi. Kisha Nyemo muuguzi,
binti wa Lechipya fundi baiskeli,
niliyemjua angali na kamasi puani.
Akanipima sukari kwanza, akashukuru.
Akauweka mguu wangu mapajani mwake
kama mtu anayechambua mlenda,
wala hakuziba pua.
"Baba, nani kakukata hivi?"
Nikanyamaza.
Mkasi mzima, nikanyamaza.

"Ukucha si tawi," akasema,
na mpaka leo sijui nani alimwambia kazi yangu.
"Hauna jicho. Unajua kwenda mbele tu.
Ukiufyeka kona, nyama inapanda, inakaa pale pa wazi.
Ukucha unaporudi unakuta njia yake
imeshajengwa nyumba.
Utafanyaje? Utapita ndani ya nyumba ya watu."

Halafu, huku akikiosha:
loweka kwanza, maji ya vuguvugu, ukucha ulainike.
Kata sawasawa, kama kizingiti cha mlango.
Kona ziache zichungulie nje.
Usizidi ncha ya kidole. Wembe ni wa ndevu.
"Na haya mabuti, mrudishie mwenyewe."
"Mwenyewe amekufa."
"Basi usimfuate kwa miguu."

Nilicheka kidole kikauma.

Imepita mivuno miwili.
Ukucha mpya umetoka, mnene kidogo, wa rangi ya pembe,
ukatembea mbele polepole kama mzee anayerudi mnadani,
ukavuka nyama, ukatokea ng'ambo.
Siku hiyo nilimwamsha Mbeho aje auone.
Akasema ameona. Akalala.

Jumapili jioni naweka beseni uani.
Mjukuu wangu Mchiwa anatumbukiza miguu,
kesho shule, viatu kaachiwa na binamu yake,
nimevibonyeza kwa gumba, vina nafasi.
Nafuta vidole kimoja kimoja. Nashika kikatio
nilichonunua mjini, soko la Majengo, kwa bei ya kunionea.
Na kila nikikaribia ukingoni
kifundo cha mkono kinapinda chenyewe,
miaka ishirini na sita inakivuta,
mshazari, mshazari.
Nakizuia. Jasho linanitoka kwa ukucha wa mtoto.

Anainama kukagua.
"Babu, umesahau kona."
"Sijasahau," namwambia.
"Nimeiacha."