Ubao wa Matangazo

Mimi ndiye mwenye mkono ule mnaousoma
mkipita Langoni na vikapu, mlangoni mwa maktaba.
Chaki nyeupe kwa habari, ya manjano kwa onyo.
Nyekundu iliisha mwaka juzi. Niliandika barua,
nikajibiwa kwamba barua yangu imepokelewa.

Wiki ile ubao ulisema:
Jumanne tumefunga, dawa ya mchwa.
Jumatano hadithi za watoto, saa tisa,
waje na viatu vyao na warudi navyo, si vya wenzao.
Alhamisi mashindano ya insha. Hilo nililifuta,
kwani nilipopiga simu niliambiwa yalishafanyika:
waraka wa makao makuu hupanda basi mpaka Mokowe,
hulala, huvuka, hunifikia na mambo ya juzi
yakiitwa yajayo.

Jumamosi, kwa herufi kubwa:
LETENI KARATASI KONGWE.
Mgeni atoka Nairobi na mashine ya kupiga picha.
Hachukui. Hachani. Hanunui.
Hilo la mwisho nililipigia mstari mara mbili,
maana mji huu umekwisha kuaga vitu vingi kwa bashasha.

Nilipanga viti arobaini. Walikuja sita.
Mzee Kupi na hati ya shamba lililouzwa zamani.
Kijana mmoja na cheti chake cha darasa la nane,
nacho kikapigwa picha; nani ajuaye
ukongwe huanzia wapi?

Kisha Bi Mwanaesha Famau,
kitabu ndani ya leso, leso ndani ya mfuko wa sukari.
"Dua za bibi yangu. Miaka sabini kidakani.
Mtoto akishikwa na homa, twakiweka chini ya mto."

Mgeni akavaa glavu, akafunua, akapiga, akafunua, akapiga.
Khati ile hakuijua. Akaniuliza kwa macho.
Nami nilichapwa chuoni kwa ajili ya alifu na be,
na tangu niajiriwe sikupata kuzitumia hata siku moja.
Nikaweka kidole, nikakokota.

Haikuwa dua.

Mchele, pishi moja, nyumba ya Shee Bunu. Kalipa.
Samli, kibaba, mke wa Kale. Kalipa nusu, kalia nusu.
Sukari. Sukari. Mafuta ya taa.
Sanda, dhiraa saba, kwa yule mgeni wa Faza. Haidaiwi.

Nilinyamaza. Nilimwogopea bibi wa watu:
homa za wanawe wote zilipozwa na hesabu za duka!
Akacheka mpaka akashika meza.
"Ndiyo maana zilishuka! Homa gani itakaa
ikisikia yadaiwa?"

Ukurasa wa mwisho sikuusoma kwa sauti.
Mchele, vibaba vitatu, nyumba ya Lali fundi wa milango.
Mbele yake hapana neno, si kalipa, si kasamehewa,
pana nafasi tu, upana wa ukucha.
Mgeni akaipiga picha nafasi ile pamoja na mengine.
Lali fundi ni babu yangu.
Jina lake ndilo nisainilo kila asubuhi
kwenye daftari la mahudhurio.

Jioni nilifuta ubao kwa kitambaa kibichi
nikaandika wiki mpya.
Jumatatu huenda umeme usiwepo.
Jumatano hadithi; la viatu ni lile lile.
Magazeti ya mwezi uliopita yamewasili.

Na chini kabisa, kwa chaki ya manjano,
kutoka kulia kwenda kushoto,
herufi ambazo wengi wenu mtadhani ni dua
na mtapita mkiinamisha kichwa:

Alhamisi, baada ya alasiri,
vibaba vitatu vya mchele vitapelekwa
nyumba ya kina Famau.
Umma unakaribishwa.