Usiyepakatika

Waliokuita mpakato
hawakukupakata.
Mimi nilikupakata usiku mmoja tu, hapa Majengo,
nikaamka na alama mbili nyekundu mapajani
kama mtoto aliyekalia jiko.

Homa yako huja mzunguko wa tatu.
Magari yanaingia kona, langu mbele,
feni yako inaanza kulia kama mashine ya Mama Nzigire
inayosaga mihogo ng'ambo ya ukuta,
kisha gari linakwenda kwa kwikwi,
kona inakatika vipande vipande,
giza.
Nami gizani bado nakunja
usukani usiokuwepo.

Tisini na saba, uliniandikia kabla ya kuzima.
Mwalimu wetu wa fizikia alituchemshia maji darasani
atuonyeshe kwamba huku juu kwetu
hayangoji mia:
yakifika tisini na tano yanaruka sufuria.
Basi wewe ungeweza kupika chai.
Ungeweza kuivisha sombe, ungetaka,
lakini hutaki kumaliza mbio.

Nilikupeleka Birere kwa fundi Kambere.
Akakufungua mbele yangu, akapiga mluzi,
akakupaka dawa ya meno mahali pa dawa ya kupoza,
akanitoza faranga elfu kumi na tano.
Siku tatu ulinukia mnanaa.
Ya nne ukazima.

Mama hakusema kitu.
Alitoka uani, akarudi amekumbatia bamba la jiwe jeusi
lililobaki tulipojenga ukuta.
"Mlaze hapa."
Jiwe lilikuwa na ubaridi wa alfajiri.
Nikaegemea kiwiko nikilitazama:
lilishuka mlimani likiwa uji wa moto,
likala maduka, likala nyumba ya babu pamoja na milango yake,
leo limetulia juu ya meza yetu
linakunywa joto la mwenzake.

Ulishuka hadi themanini na nane.
Haikutosha.

Jumanne umeme ulikatika, nikaamua.
Simu mdomoni, taa yake ikinimulika vidole,
skrubu kumi na moja kwenye kisahani,
mswaki wa zamani, pumzi yangu mwenyewe.
Chini ya feni nikakuta blanketi dogo la kijivu,
nusu mlima, nusu unga wa Nzigire,
limeshonwa vizuri kuliko blanketi langu.
Na kwenye mhimili, umejiviringisha mara nyingi,
uzi mwekundu wa nywele za kusukia.

Humu ndani hakuna mwenye nywele nyekundu
tangu Januari,
yaya Kavugho alipopanda ndege ya Kisangani
kwenda kusomea tiba ya mifugo,
akaniachia wewe, chaja yenye plasta,
na neno la siri ambalo ni jina la mbuzi wetu aliyekufa.

Niliuchomoa polepole, duara kwa duara,
kama anayemtoa mwiba mtoto aliyelala.
Safari hii dawa ilikuwa dawa kweli,
tone moja, punje ya mchele.
Nikakufunga.
Skrubu kumi zikarudi nyumbani.
Ya kumi na moja ikagoma kuonyesha tundu lake.

Umeme ulirudi saa nne.
Mzunguko wa tatu. Kimya.
Wa nne. Wa tano, ambao sikuwahi kuuona:
kumbe huko kuna daraja,
na chini ya daraja mtu amechorwa anavua samaki,
miaka yote hii anavua, hakuna aliyemfikia.
Nikapunguza mwendo. Nikapitwa na magari yote.
Sabini na sita.

Kavugho akapiga simu.
"Mgonjwa wangu je?"
"Amepona."
"Alikuwa na nini?"
Uzi ulikuwa kwenye kisahani,
kando ya skrubu isiyo na kwao.
"Vumbi," nikasema.
"Vumbi tu la Goma."